Kimo cha Nyuso Tano

Kitabu chake hakuna aliyewahi kukiona. Sisi tuliofanya kazi naye kwenye ule uwanja wa mawe, nyuma ya maghala ya Industrial Area hapa Nakuru, tulikisikia tu, asubuhi na jioni, mpaka tukakichoka. Ukimpa chai yenye tangawizi nyingi, kitabu kinasema hapana. Ukimwambia jiwe fulani ni zuri, kitabu kinasema ni bovu. Siku moja mlinzi wa lango, aliyekuwa amechoka kukaripiwa, alimwambia, "Mzee, hiyo kitabu yako si utuonyeshe basi, hata sisi tusome." Yeye akafungua kinywa chake kipana, akaelekeza kidole ndani kabisa, kwenye meno yaliyogeuka mekundu kwa tambuu. "Iko hapa," akasema. "Soma."

Nitamwita Fundi, kwa sababu ndivyo alivyopenda kuitwa. Alikuwa Mhindi, mchongaji wa sanamu za mahekalu yao, na katika upande wetu huu wa Bonde la Ufa sijapata kusikia mwingine aliyeifanya kazi hiyo kwa mkono. Mimi ni fundi wa makaburi. Natengeneza misalaba, naweka terazo, nachonga majina ya marehemu na mistari ya Biblia kwenye granaiti. Kibanda chake na changu viligawana ukuta mmoja wa mabati, na ukuta huo ulikuwa na tundu. Kupitia tundu hilo alinitukana kwa miaka mingi. "Ee Kaburi!" ndivyo alivyoniita. Jina langu la ubatizo hakulitamka hata mara moja.

Alikuwa mfupi, mpana wa mabega, nywele amezipaka hina ambayo haikuwahi kufika sehemu zote. Vumbi la marumaru lilikaa kwenye nyusi zake hata siku za mapumziko. Alivaa fulana nyeupe na kaptura ya kaki, na miguuni champali zilizoshonwa mara nyingi kuliko viatu vyovyote nilivyowahi kuviona. Alitembea akigonga vitu. Mlango, ndoo, ukuta, meza ya mama wa chai, chochote kilichokuwa karibu alikigonga kwa kifundo cha kidole na kuinamisha sikio, kama daktari mwenye wagonjwa wengi na muda mchache.

Hiyo nayo ilitoka kwenye kitabu. Kwake mawe yalikuwa na jinsia. Jiwe likigongwa na kulia kwa sauti kali inayokawia, hilo ni dume, na ndilo la kuchonga mungu wa kiume. Likilia kwa upole, hilo ni jike, nalo ni la miungu wa kike. Lisilolia wala kuitika ni la kuwekwa chini ya miguu ya wenzake. Na lenye ufa ndani, hata kama kwa nje linang'aa, alilijua kwa kuligonga mara moja tu, akalitoa nje ya kibanda chake siku hiyohiyo. Mimi nilimcheka. Jiwe ni jiwe, nikamwambia, na maiti hasikii. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Keringet, mkulima wa viazi, kuchukua jiwe la kaburi la mama yake. Tulikuwa tumeshalipakia nusu kwenye pikapu wakati sauti ilipotoka tunduni.

"Ee Kaburi! Hiyo jiwe iko mwanaume! Wewe nalalisha mwanaume juu ya mama ya watu?"

Mzee wa Keringet akashtuka. Akaniangalia mimi, akaangalia jiwe. "Huyo anasema nini?"

"Achana na yeye, mzee. Ni mambo ya kwao."

"Hapana. Mama yangu alikuwa mtu wa heshima sana. Teremsha hiyo kitu."

Tulishinda siku nzima tukigonga mawe yangu yote, Fundi akiwa mbele na mzee wa Keringet nyuma yake, wameshikana mikono kama ndugu. Nilikasirika kweli. Lakini ukweli usemwe: tangu siku ile sijawahi kuuza jiwe bila kuligonga kwanza, ingawa huwa nangoja mteja asiwe karibu.

Jinsi kitabu kilivyoingia kinywani alinieleza mvua ikinyesha, tumejibanza chini ya bati moja. Baba yake alimkalisha chini akiwa mdogo, akasema mstari, naye akaurudia. Akikosea, anapigwa gotini kwa kifundo cha kidole. Akipatia, baba anatia mkono mfukoni, anatoa kipande cha sukari nguru na kumtilia mdomoni. Hakuna kuandika. Mstari baada ya mstari, miaka na miaka, goti na ulimi, goti na ulimi. "Mimi nasoma shule ya kugongwa," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

Ndani ya kitabu, kwa kadiri nilivyoelewa, kulikuwa na mambo mawili makubwa. La kwanza ni vipimo. Rula yake ilikuwa uso: toka nywele zinapoanzia mpaka kidevuni. Ukishapata uso, mwili wote umeshapangwa. Miungu wakubwa wana kimo cha nyuso tisa au zaidi. Binadamu hawafiki huko. Yule mwenye kichwa cha ndovu, mfupi na mwenye tumbo, ni nyuso tano. Fundi hakuruhusiwa kuongeza wala kupunguza kwa sababu leo amependa hivi na kesho vile. "Kama mimi nafuata moyo yangu," aliniambia, "mungu natoka kama mimi. Nani taomba mtu kama mimi?"

La pili ni mistari ya kuita. Kila mungu ana mstari wake unaosema amesimama au ameketi, uzito ameuweka mguu gani, ana mikono mingapi, kila mkono umeshika nini, mavazi yake ni ya rangi gani, na mnyama gani yuko kando yake. Maana wote wana wanyama wao: huyu simba, huyu bata bukini, yule wa ndovu ana panya. Kabla ya kushika tindo Fundi alioga, akaketi juu ya gunia, akafumba macho na kuusema mstari huo chinichini, tena na tena, mpaka mungu mwenyewe akaja kusimama mbele yake. Hapo ndipo alipoinuka kuchonga. Siku ambazo mungu hakuja hakugusa jiwe, na siku hizo ndizo nilizotukanwa zaidi.

Niliwahi kumwuliza kwa nini asiseme kwa Kiswahili, tusikie na sisi.

"Mungu naitwa na lugha yeye najua," akajibu. "Wewe naweza kuita ng'ombe ya kwenu Bahati na Kijerumani? Takuja?"

Basi msidhani alikuwa mtakatifu. Mtu huyu ambaye hakugusa nyama, na aliyeninyima nafasi ya kupikia githeri yenye mifupa karibu na ukuta wake, alikula mayai ya kuchemsha. Alisimama nyuma ya lango, akiupa uwanja mgongo, muuza mayai akampasulia na kumtilia kachumbari na pilipili. Siku nilipomfumania nilimwuliza kitabu kinasemaje. "Kitabu yangu ni ya mawe," akasema, mdomo umejaa. "Mayai haisemi." Alikuwa mchoyo wa sukari na mkarimu wa matusi. Alizisema vibaya sanamu zilizotengenezwa kwa mashine, zinazokuja zimefungwa kwenye kontena, zenye tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Hata hivyo mwanawe alinunua moja na kuiweka nyumbani, naye Fundi aliiamkia kila siku kwa adabu, kama mtu anavyomwamkia mkwe asiyempenda.

Na kuna ile safari ya Naivasha. Alikuwa amemaliza sanamu ya mungu wa kike, kazi ya miezi mingi, marumaru nyeupe, na watu wa hekalu walikuwa wameshaiona na kuisifu. Asubuhi ya kuichukua akakuta kidole kidogo kimepungua ncha. Si kwamba kilikuwa kimevunjika. Ilikuwa imetoka chembe isiyozidi punje ya wimbi, na mimi nilioneshwa mara kadhaa kabla sijaiona. Wazee wa hekalu wakamwambia ni jambo dogo, libandikwe tu kwa gundi. Akakataa. Sanamu yenye kasoro haiombwi, haiwekwi nyumbani, wala haitupwi. Inarudishwa majini. Tukaipakia kwenye pikapu yangu, tukaenda mpaka ziwani upande wa Karagita, tukakodi mashua. Akina mama wa mashamba ya maua waliokuwa wakifua ufuoni wakasimama kututazama.

"Sasa mzee, kitu kizuri hivyo mnatupa? Si mngetupea tu tuweke kwa nyumba?"

Fundi akamwashiria mwenye mashua asukume. Tulipofika penye kina aliishika sanamu mabegani, akaiambia maneno fulani kwa lugha yao, akaiachilia. Njia nzima ya kurudi alilia waziwazi, kamasi zikimtoka, bila kujificha. Mimi nikiendesha nilikuwa nikijiambia kwamba huyu mtu ni mwendawazimu, na kwamba kama angekuwa na akili angetumia gundi. Sikujua kwamba siku moja ningekuja kukigonga kichwa changu kwenye ukaidi huohuo.

Sasa nifike kwa Nyambura.

Nyambura alikuwa binti yangu, mtoto wetu wa pekee. Shule yake haikuwa mbali na uwanja, kwa hiyo jioni alikuja kuningojea tufunge twende nyumbani. Alikuwa na kuku mmoja mwekundu anayechechemea, aliyemwokota hapohapo uwanjani baada ya kukanyagwa na mkokoteni, na kuku huyo alimfuata kila alikokwenda. Fundi alimchukia kuku, akampenda mtoto. Alimpima kwa macho siku ya kwanza tu. "Nyuso tano," akatangaza. "Sawasawa na ile ya ndovu. Hata tumbo iko." Nyambura akafurahi kuliko ambavyo angefurahia kupewa baiskeli. Alienda kuwaambia walimu. Fundi alimpa hadithi za huyo wa ndovu, jinsi alivyokula peremende mpaka tumbo likapasuka akalifunga kwa nyoka, lakini hakuzimaliza vizuri hata moja, kwa sababu Nyambura alicheka kabla ya mahali pa kuchekea.

"Huyu mtoto nacheka mapema!" alilalamika tunduni. "Naharibu hadithi yangu! Ee Kaburi, ambia yeye angoje!"

Hakungoja. Homa ya uti wa mgongo ilimchukua kati ya Jumapili na Jumapili. Sitaieleza wiki ile. Tulimzika kijijini kwetu Bahati, kwenye shamba la baba yangu, upande wa juu wa migomba, na mimi ambaye nimewatengenezea watu wengi makaburi sikuweza kuchanganya simiti ya mtoto wangu. Ilichanganywa na wenzangu.

Picha zake zilikuwa kwenye simu ya mama yake, na simu hiyo ilipotea katika pilkapilka za hospitali. Tulibaki na ile ndogo ya pasipoti aliyopigwa kwa ajili ya shule. Katika picha hiyo kamera ilimtisha. Macho yamemtoka, mdomo umefungwa, mabega yamepandishwa. Ni mtoto mwingine kabisa. Mama Nyambura aliigeuza ikatazama ukuta, akasema, "Huyu mimi simjui."

Kwa hiyo nilimwendea Fundi. Nilijua mikono yake. Niliona uso ukitoka kwenye jiwe tupu kwa miaka yote ile, na yeye alimjua mtoto kwa macho yake mwenyewe, hakuhitaji picha. Nilipita lango nikaingia kibandani mwake, jambo ambalo sikuzoea kulifanya, nikasimama.

"Fundi, nitengenezee uso wa Nyambura. Mdogo tu, wa kuweka kwa kaburi. Jiwe utachagua wewe, jike, utagonga mwenyewe."

Aliweka tindo chini.

"Mimi hapana weza," akasema.

"Kwa nini?"

"Kitabu nakataa. Sanamu ya mungu, hata kama haina uzuri sana, iko baraka. Sanamu ya mtu, hata kama iko mzuri sana, haina baraka. Naleta mabaya kwa nyumba."

"Mtoto wangu hana baraka?"

"Mimi hapana sema hivyo."

"Umesema. Umekula na yeye njugu hapa, umemwita wa ndovu, halafu uso wake unaleta mabaya?"

"Kaburi, sikia..."

Sikusikia. Nilimwambia maneno ambayo hata leo siyajutii, maana nilikuwa nimeumia. Nilimwambia kitabu chake hakina mtoto ndani yake. Nilimwambia anachonga wenye vichwa vya wanyama kwa sababu hajui kuchonga watu. Nilirudi upande wangu, nikaliziba tundu kwa kipande cha bati na misumari, nikipiga nyundo kwa nguvu ili asikie.

Mvua za masika zilikuja zikaisha hatujasemezana. Nilimtafuta mtu Nairobi mwenye mashine ya kuchora picha kwenye granaiti nyeusi, nikampelekea ile ya pasipoti. Mashine ilifanya kazi yake bila kosa. Ilitoa macho yaliyotoka, mdomo uliofungwa, hofu yote ile, sasa ikiwa kubwa na ya kudumu. Mama Nyambura alilitazama jiwe, akaingia ndani, akafunga mlango. Jiwe lile nililigeuza nikaliweka nyuma ya kibanda, na kule Bahati tukaweka jingine lenye jina na mstari wa zaburi.

Ndipo siku moja, nikiwa nimeketi juu ya jiwe sina kazi, Fundi akaja akaketi kando yangu bila kuamkia.

"Mtoto nasimama na mguu gani?" akauliza.

"Nini?"

"Nyambura. Kama nangoja wewe hapa. Uzito iko kulia ama kushoto?"

Nilitaka kumfukuza. Lakini hakuna aliyekuwa akilitaja jina lake tena. Watu walikuwa wakilikwepa kama shimo la barabarani, hata mama yake. Nikajikuta najibu.

"Kulia. Ule wa kushoto alikuwa anaupandisha juu ya wa kulia."

"Kama ndege ya maji."

"Eeh."

"Mkono ya kulia nashika nini?"

"Kikombe. Kile cha bati. Alikuwa anawekea kuku mahindi."

"Kushoto?"

"Sweta. Alikuwa anaivuta hapa chini mpaka ikaharibika."

"Rangi?"

"Si unaijua? Kijani. Kifungo kimoja kilitoka."

"Mnyama yake ni ile kuku."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa kila jibu, midomo ikimcheza. Kisha akauliza, "Uso?"

Nilijua kwamba alikuwa na pengo mbele, nikasema hilo. Zaidi ya hapo, kila nilipojaribu kumwona niliona yule wa pasipoti. Nikamwambia aniache. Akaniacha.

Nililing'oa lile bati tunduni jioni hiyohiyo. Niliamini amebadili nia. Kila nilipomwona akigonga jiwe jike dogo nilisema moyoni, labda ni hilo. Nikamwambia hata Mama Nyambura asubiri, kuna kitu kinakuja. Fundi aliendelea kuketi juu ya gunia lake kila asubuhi, macho amefumba, akinong'ona mambo yake ambayo sikuwahi kuyatega sikio kwa kuwa nilijua sitayaelewa. Alinitukana kama kawaida. Jiwe halikuja. Mwaka ukapita, ukapita mwingine, na mimi nikaona haya kumwuliza, na Mama Nyambura akaacha kuniuliza mimi. Nilimwona kuwa mtu aliyekuja kukifukua kidonda kwa udadisi tu, akakiacha wazi akaenda zake. Hilo liliniuma kuliko kule kukataa kwa kwanza.

Mikono yake ikaanza kutetemeka. Akaanza kuuliza jambo lilelile mara mbili, kisha mara nyingi. Mwisho mwanawe akaja na gari, akazikusanya zana, akamchukua. Fundi alipita mbele ya kibanda changu akagonga nguzo yangu ya mlango, akasikiliza, akaingia garini. Kibandani mwake sasa mnauzwa vyuma chakavu.

Nami nyuma yake nikaendelea kumpoteza Nyambura kidogo kidogo. Sauti ndiyo ilitangulia kwenda. Kisha mwendo. Mwishowe nilikuwa nikifumba macho napata mtoto mmoja tu, yule aliyeiogopa kamera, na nikajua kwamba baba mzima amebaki na kipande cha karatasi. Sikumwambia mtu. Utamwambia nani kwamba umesahau sura ya mwanao?

Mwaka huu, kabla ya mvua, mwanamke wa Kihindi alikuja uwanjani akiuliza kama kuna mtu aliyefanya kazi na mzee wa sanamu. Alikuwa mke wa mwanawe Fundi, mzaliwa wa hapahapa Nakuru, anaongea kama sisi.

"Mzee amesahau kila kitu," akaniambia. "Hajui hata bwanangu ni nani. Lakini anagonga-gonga vitu siku yote, anasema mawe, mawe. Nikafikiria mtu wa huku akikuja labda atafurahi. Si unaweza kuja, tafadhali?"

Nilikwenda. Wanakaa mtaa wa Section 58, nyumba yenye bustani safi. Fundi alikuwa sebuleni kwenye kiti cha plastiki, amevaa shati safi lililofungwa vifungo vyote, nyusi hazina vumbi. Nywele sasa zilikuwa nyeupe zote. Nikamwambia, "Fundi, ni mimi. Kaburi." Akanitazama kwa upole, na upole huo ndio ulionivunja moyo, kwa maana hajawahi kunipa. Angenijua angenitukana. Akanyoosha mkono, akanigonga kifuani kwa kifundo cha kidole, akainamisha sikio.

"Hii iko ufa ndani," akamwambia mke wa mwanawe. "Toa nje."

"Pole sana," yule mama akasema, ameona haya. "Usikasirike."

Nikamwambia hamna neno, hajakosea.

Alituletea chai. Akanieleza jinsi mzee alivyopoteza ile mistari yake yote, mmoja baada ya mwingine. Pandit, yaani kuhani wa hekaluni, alikuja akamwanzishia aliyoijua tangu utotoni, hata ule wa mwenye kichwa cha ndovu, lakini akabaki akimtazama tu. "Imebaki moja," akasema. "Hiyo haikosi hata siku moja. Lakini hatujui imetoka wapi, kwa sababu ni ya Kiswahili. Pandit mwenyewe hajui ni mungu gani. Lakini mimi nimeona huyo mungu ndiye amebaki na yeye, basi kila asubuhi akianza nawasha taa."

Alikuwa na taa ndogo ya shaba pembeni, kwenye rafu, mbele ya nafasi tupu. Aliiwasha ili anioneshe. Fundi alipoona mwali akajiweka sawa kitini, akafumba macho, midomo ikaanza.

"Mtoto nasimama," akasema. "Kimo yake nyuso tano. Uzito iko mguu ya kulia, ya kushoto napanda juu yake kama ndege ya maji. Mkono ya kulia nashika kikombe ya bati, ndani iko mahindi. Mkono ya kushoto navuta sweta. Sweta iko kijani, kifungo moja hakuna. Karibu yake iko kuku mwekundu, nachechemea. Mbele meno moja hakuna. Uso nacheka kabla ya hadithi naisha. Huyu mimi naita. Kuja, mama. Kuja."

Akaja. Sina namna nyingine ya kulisema. Alikuja akasimama pale kati ya meza na pazia, mguu juu ya mguu, kikombe kimeinama, pengo wazi, ameshaanza kucheka na hakuna aliyesema kitu bado. Si yule wa pasipoti. Nililia mbele ya watu nisiowajua, nikashika ukingo wa meza yao.

Mungu naitwa na lugha yeye najua. Alikuwa amemwita kila asubuhi, juu ya lile gunia, upande wa pili wa mabati, na mimi nilikuwa nawasha mashine ya kusaga mawe nikimsikia kama kelele. Kitabu kilimkataza jiwe, naye hakukivunja kitabu. Alimtia mtoto wangu ndani yake.

"Unamjua huyo mungu?" mke wa mwanawe akaniuliza, ameshangaa.

"Anaitwa Nyambura," nikasema. "Ni binti yangu. Alikufa."

Akaweka kikombe chini. Nilidhani angeizima taa, na singemlaumu. Aliifunika kwa mikono dhidi ya upepo wa dirisha, akalitamka jina lile taratibu, akauliza kama amelisema vizuri.

Fundi alikuwa amefumbua macho. Akaninyooshea kidole, akavuta kiti changu karibu mpaka magoti yetu yakagusana. "Wewe," akasema. "Sema na mimi. Mtoto nasimama."

"Mtoto nasimama," nikasema.

"Kimo yake nyuso tano."

"Kimo yake nyuso tano."

Tulikwenda hivyo, mstari kwa mstari. Kwenye mikono nikachanganya, nikakiweka kikombe kushoto, na pigo likaja gotini, kifundo cha kidole, kali, mpaka nikaruka. Tukarudia. Nikakosea sweta, nikapigwa. Tukarudia tena, nikapita mikono, nikapita kuku, nikapita pengo, nikafika kwenye kicheko, nikasema kuja, mama, kuja, na maneno yote yakawa yametimia.

Fundi akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akatia mkono kwenye mfuko wa shati, akapapasa, akatoa vidole vitatu vimebana kitu ambacho hakikuwapo, akavileta mpaka mdomoni pangu, akangoja.

Nikafungua mdomo. Vidole vilikuwa vitupu, vina harufu ya sabuni. Nikapokea, nikatafuna.